Nani Alishrab Kwanza?

Jina la nchi hii lilishrabiwa kabla nchi yenyewe haijazaliwa. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Siku hiyo akauona kwa mbali mlima wenye weupe kileleni. Wagikuyu walioishi chini ya mlima huo waliuita Kĩrĩnyaga. Wakamba, ambao kwenye ndimi zao ile r ilikuwa imepotea njiani, waliuita Kĩĩnyaa. Krapf akasikia alichosikia, akaandika Kenia. Waingereza waliokuja baadaye wakalitamka "Kinya", irabu ya kwanza ikivutwa kama mpira. Mwaka 1920 koloni likapewa jina la mlima, na baada ya uhuru wa 1963 tukairudisha ile e mahali pake. Gikuyu, Kikamba, sikio la Kijerumani na mdomo wa Kiingereza, vyote vimo ndani ya silabi mbili zilizoandikwa kwenye pasipoti yako.

Hakuna anayecheka akisikia hadithi hiyo. Lakini ebu kijana aliyetoka Murang'a asimame mbele ya darasa hapa Nairobi aseme "rorry" badala ya "lorry". Darasa lote litaanguka. Mjaluo akisema "fis" badala ya "fish", yaleyale. Mkalenjin akisema "pig" na hujui kama anamaanisha nguruwe au kitu kikubwa, yaleyale. Hiyo ndiyo tunaita kushrab: kutamka neno, hasa la Kizungu, kwa namna inayomwambia msikilizaji kwenu ni wapi. Wachekeshaji wetu wamejenga nyumba kwa mzaha huo.

Mimi napenda historia, na swali la mwanahistoria huwa rahisi: hii kitu ilianza lini, na nani alifaidika? Nikiuliza swali hilo kuhusu Kiingereza cha Kenya, napata kwamba kila mtu aliyewahi kuingia katika lugha ya mwingine hapa kwetu alishrab. Tofauti ni kwamba kuna wale ambao kushrab kwao kuliingia kwenye ramani, na kuna wale ambao kushrab kwao kuliwanyima kazi.

Kizungu kilichopitia Bombay

Wengi hudhani Kiingereza kilitua Mombasa kutoka London moja kwa moja, kikiwa safi, halafu sisi tukakiharibu. Sivyo. Kilipofika kilikuwa tayari kimeishi India kwa zaidi ya karne moja, na kilikuja na harufu ya viungo.

Uingereza ilitangaza himaya yake hapa mwaka 1895. Mwaka uliofuata ujenzi wa reli ulianza, na kufikia 1901, reli ilipogusa Ziwa Victoria, zaidi ya wafanyakazi 30,000 walikuwa wameletwa kutoka India. Sheria nyingi za mwanzo zilinakiliwa kutoka India. Pesa ilikuwa rupia mpaka 1920. Ofisini, karani aliyeshika kalamu mara nyingi alikuwa Mgoa. Kwa hivyo Mwafrika mwingi aliyesikia Kiingereza mara ya kwanza alikisikia kutoka kwa mtu ambaye naye alijifunza shuleni kama yeye.

Angalia neno yaya. Wareno walisema "aia" kwa mwanamke anayelea watoto. Wakalipeleka India, India ikasema "aya", Waingereza wa India wakaandika "ayah", na neno likavuka bahari likaingia nyumba za Nairobi. Leo unampigia simu yaya wako bila kufikiri kwamba unatumia neno lenye mihuri ya bandari tatu. Angalia "godown". Ukienda Industrial Area utaona kibao kinachosema kuna godown ya kukodisha. Mwingereza wa leo angeandika "warehouse". Neno hilo lilizunguka Bahari ya Hindi, likapitia lugha za Malaya na India, likafika kwetu na wafanyabiashara, na sisi tukalitunza. Hata kuita kibanda cha chai na mandazi "hotel" ni mazoea tunayoshiriki na India. Huko Uingereza hotel ni pahali pa kulala.

Upande wa pili walikuwepo masetla. Hawa walikuwa na lugha yao ya kuamrisha wafanyakazi, Kiswahili kilichovunjwa ambacho watu walikiita Kisetla. Kilikuwa na amri nyingi, ngeli karibu hakuna, na heshima kidogo sana. Setla angeweza kukaa miaka 30 Naivasha akisema "kitu hii" na "mtoto yangu", na hakuna mtu aliyethubutu kumcheka mbele yake. Wengi wao hawakutaka kujibiwa kwa Kiingereza na mtu wanayemlipa. Kumjibu bwana kwa lugha yake ilikuwa ni kujilinganisha naye.

Lakini masikio ya wananchi nayo yalikuwa yanafanya kazi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwachukua Waafrika kwa nguvu kuwa wapagazi katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Maelfu kwa maelfu hawakurudi, wengi wakifa kwa magonjwa na njaa. Waliorudi, na jamii zao, wakalisema lile jina kwa ulimi wao, na leo ni mtaa: Kariokor hapa Nairobi, Kariakoo kule Dar es Salaam. Kama kuna mnara wa ukumbusho wa wale wapagazi ambao watu huutaja kila siku, ni hilo jina lililoshrabiwa.

Lugha iliyopimwa kwa kibaba

Kuna uongo mwingine tunaourithisha watoto, kwamba wakoloni walitulazimisha Kiingereza tangu siku ya kwanza. Ukisoma historia ya elimu utaona kwamba kwa muda mrefu walifanya kinyume chake: walikipima kwa kibaba.

Mwaka 1909 serikali ilimleta J. Nelson Fraser, mtaalamu wa elimu kutoka India, atoe mapendekezo. Mfumo uliofuata uligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, shule za Waasia, shule za Waafrika. Mwafrika apewe kazi za mikono. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ikazunguka Afrika Mashariki ikasisitiza elimu ya ufundi na kilimo, na lugha za nyumbani katika madarasa ya chini. Kiingereza kingekuja baadaye, kwa wachache watakaofika huko juu. Alliance High School ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926 kwa ajili ya hao wachache.

Waafrika waliona mchezo. Kama lugha ya ofisi, mahakama na baraza la kutunga sheria ni Kiingereza, basi anayekunyima Kiingereza amekunyima mlango. Baada ya mgogoro wa 1929 kati ya wamisionari na Wagikuyu kuhusu tohara ya wasichana, jamii zilianza kujenga shule zao wenyewe, na moja ya mambo waliyoyadai ni Kiingereza kifundishwe mapema. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Wazee waliuza mbuzi, kina mama wakabeba mawe, ili mtoto wao asome lugha ambayo serikali ilisema hajaihitaji bado. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ilizifunga zile shule.

Historia hiyo iliacha alama kwenye Kiingereza chetu. Watu waliojifunza lugha bila kuzungumza na wenye lugha waliipata kutoka kwenye maandishi: Biblia, kitabu cha sala, barua za serikali, Shakespeare. Ndiyo maana Kiingereza cha Kenya kina suti. Babu yangu alikuwa karani, na nimebaki na nakala za barua zake za kuomba likizo. Kila moja inamalizika kwa kumhakikishia bosi wake kwamba yeye ana heshima ya kuwa mtumishi wake mtiifu. Alikuwa anaomba siku 3 aende matanga. Na sisi wajukuu wake, tukiwa ndani ya matatu, tukiongea Kizungu, tunasema tuna-"alight" kwenye "stage" inayofuata. Kijana wa London angesema anashuka tu kwenye kituo cha basi. "Alight" kwake ni neno la tangazo la treni, na "stage" ni jukwaa la wanamuziki. Sisi tulilichukua neno la tangazo tukalitia mfukoni, likawa neno la kila siku.

Halafu upepo ukageuka. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, anaeleza jinsi baada ya 1952 Kiingereza kilivyokuwa lugha ya lazima shuleni kwao, na jinsi mtoto aliyepatikana akiongea Gikuyu alivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni. Mchezo huo haukuzaliwa hapa. Huko Wales, katika karne ya 19, watoto waliosema Kiwelisi shuleni walivishwa kipande cha mbao. Waingereza waliwafanyia jirani zao kwanza, halafu njia ikasafiri.

Kibao chenyewe kiliishi kuliko ukoloni. Shule niliyosoma miaka ya 90 ilikuwa nacho, sisi tukikiita disk. Sheria yake ilikuwa ya ujanja: ukishikwa unaongea Kiswahili au lugha ya nyumbani unapewa disk, na njia pekee ya kuitoa ni kumnasa mwenzako. Jioni mwalimu anauliza nani anayo, aliipata kwa nani, na yule kwa nani, mpaka mnyororo mzima unapigwa. Mwalimu hakuhitaji kukesha. Tulichungana wenyewe.

Wakati huohuo sera ilikuwa inabadilika kwa kasi. Kuanzia 1957, mpango wa kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulijaribiwa Nairobi katika shule za Waasia, ambako watoto wa Kigujarati, Kipunjabi na lugha nyingine walikaa darasa moja na hakukuwa na lugha moja ya nyumbani ya kuwafundishia. Ukaonekana unafanya kazi, ukasambazwa katika shule za Waafrika. Mwaka 1964 tume ya Ominde ikaupa baraka, kwa kuwa wengi waliotoa maoni mbele yake walitaka Kiingereza tangu mwanzo. Mwaka 1976 tume ya Gachathi ikarudisha lugha za nyumbani katika miaka ya kwanza. Lakini farasi alikuwa ameshatoka zizini. Mzazi wa mjini alikuwa ameshaamua.

Ua wenye pande mbili

Sasa weka hayo yote pamoja. Una nchi yenye lugha zaidi ya 40. Una Kiingereza ambacho si lugha ya nyanya ya mtu yeyote darasani. Una mwalimu aliyefundishwa na Mkenya aliyefundishwa na Mkenya. Una mtaa kama Buru Buru au Umoja, ambako ngazi moja ina Mkamba, Mtaita, Mluhya na Msomali, na watoto wao wanacheza pamoja. Mtaani Kiswahili na Sheng vikafanya kazi yao. Darasani na ofisini, Kiingereza nacho kikaanza kupata sura ambayo hakuna mtu aliyeipanga.

Na sisemi Sheng hapa. Sheng ni mtoto mwingine, mwenye mifupa ya Kiswahili. Nasema kile Kiingereza cha kawaida ambacho unaandikia barua pepe kazini ukiamini ni cha Malkia.

Chukua "slowly by slowly". Hiyo ni pole pole, ambayo isingetosha kusemwa mara moja. Chukua "I can hear a smell". Mswahili husikia harufu, na tukaona hakuna sababu pua ya Kizungu ifanye tofauti. Watoto wa Kenya wanaokosa chakula "sleep hungry", kwa sababu walilala njaa. Rafiki ambaye hujamwona miezi sita unamwambia "you are lost", na anajua si swala la ramani, ni umepotea, na ndani yake mna upendo na lawama kidogo. Mtu anainuka mezani, anaelekea mlangoni huku anasema "I'm coming". Mgeni anabaki ameduwaa, lakini wewe unajua amesema nakuja, yaani usiondoe sahani yangu. Na ukimwuliza Mkenya "You haven't eaten?" atakujibu "Yes", maana yake ndio, umesema kweli, sijala. Ukitafakari vizuri, jibu hilo lina mantiki kuliko la Mwingereza.

Mengine yalizaliwa na maisha yetu wenyewe. "Tarmacking" ni kutafuta kazi kwa miguu mpaka lami ikujue. "Parking boys" walikuwa watoto wa mitaani wa Nairobi ya miaka ya 70, walioelekeza magari wapate shilingi. "Something small" unajua ni nini, na anayekuomba anajua unajua.

Matamshi nayo yana ngazi mbili, na hapa ndipo ninapotaka ukae na mimi kidogo. Ngazi ya kwanza ni ile inayochekwa: l na r za Mgikuyu, s na sh za Mjaluo, p na b za Mkalenjin. Kila moja ina sababu isiyo na aibu. Gikuyu haina l. Dholuo haina sh. Kikalenjin hakitenganishi maneno kwa p na b. Ulimi hutumia vyombo vilivyo jikoni.

Ngazi ya pili hakuna anayeicheka kwa sababu iko kwetu sote. Mwambie Mkenya yeyote aliyesoma aseme "bat", "but" na "Bart". Kwa wengi wetu yote matatu ni "bat". Kiingereza cha London kina irabu nyingi kuliko tunazohitaji, nasi tukazipanga karibu na zile tano za Kiswahili. Waziri hufanya hivyo, msomaji wa habari hufanya hivyo, na yule anayemcheka mwenzake kwa "rorry" naye hufanya hivyo, papo hapo, akiwa katikati ya kicheko.

Kwa hivyo kicheko chetu hakipimi umbali kutoka London. Kama kingekuwa kinapima hivyo, tungejicheka sote. Ushahidi mwingine ni huu: Mkenya akirudi kutoka miezi mitatu ughaibuni akianza kubana pua na kumeza t, tunasema anatweng, na tunamcheka pia, pengine zaidi. Upande mmoja wa ua ni kushrab, upande wa pili ni kutweng. Katikati kuna njia ambayo hakuna kitabu cha shule kilichoichora, na kila mtoto wa mjini anaijua kufikia miaka kumi. Watu wanaoadhibu makosa ya pande zote mbili wana sheria. Wenye sheria wana lugha yao. Hicho ndicho Kiingereza cha Kenya, kinalindwa na watu ambao wangekana kabisa kwamba kipo.

Wasomi wameligombania jambo hili. Mwaka 1985 Braj Kachru, mwanaisimu kutoka Kashmir aliyefundisha Marekani, alichora duara tatu za Kiingereza duniani, na nchi kama India, Nigeria na Kenya akaziweka katika duara la pili, zenye haki ya kuwa na viwango vyao. Randolph Quirk wa London hakukubali. Aliona kwamba kumfundisha mwanafunzi maskini Kiingereza cha kienyeji ni kumfungia milango. Walijibizana hadharani mwaka 1990 na 1991. Hapa nyumbani Alfred Buregeya wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha mwaka 2006 utafiti kuhusu miundo ya sarufi ambayo Wakenya wenyewe wanaikubali, na mwaka 2019 akatoa kitabu kizima kuhusu Kiingereza cha Kenya.

Waandishi hawakusubiri uamuzi wa maprofesa. Mwaka 1971 Charles Mangua alitoa Son of Woman, riwaya ya jamaa wa Nairobi anayesimulia kwa Kizungu cha baa na mtaa, na watu waliinunua kama mkate. Wahome Mutahi, katika safu yake ya Whispers, alimpa mhusika mke aitwaye Thatcher na binti aitwaye Pajero, na kila wiki familia nzima za Kenya zilijisikia zikiongea gazetini. Mwaka 2003 jarida la Kwani? likaanza, likafungua kurasa zake kwa Kizungu chenye vumbi. Na mwaka 2022 hata kamusi ya Oxford ikaingiza kundi la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, nyama choma ikiwemo.

Sikio linalotafuta kabila

Naelewa hofu ya Quirk. Rafiki yangu mmoja, mwenye digrii na sauti ya upole, alienda usaili wa kazi ya kupokea simu za wateja wa ng'ambo. Aliambiwa lafudhi yake ni nzito. Alielewa kila swali, alijibu kila swali, na hakuna aliyemwomba arudie. Lakini uzito wa lafudhi hupimwa kwenye mizani ya mwenye pesa. Siwezi kumwambia mtoto wa Kibra kwamba asijali, aongee atakavyo, wakati najua mlango upi utafungwa. Babu zetu walipojenga Githunguri walilijua jambo hilo mapema: lugha ya madaraka ukinyimwa umenyimwa, hata ukipewa sababu tamu.

Kwa hiyo mtoto afundishwe kuandika Kiingereza kinachoeleweka Nairobi, Lagos na London. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na kile kicheko, kwa sababu kina umri na kina kazi.

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kuna hadithi ambayo Mkenya yeyote aliyesoma Sunday school aliisikia. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme Shibolethi. Waefraimu hawakuwa na sh katika ulimi wao, wakasema Sibolethi, na kwa sauti hiyo moja wakauawa, 42,000. Isome tena. Ni s na sh. Ni ileile "fis" tunayoichekea.

Mapema mwaka 2008 nchi hii ilikuwa na vizuizi barabarani, ambako vijana wenye mapanga waliwataka abiria watoe vitambulisho ili jina liseme kabila. Kitambulisho unaweza kukisahau nyumbani. Ulimi huwezi. Sisemi kwamba mchekeshaji wa jukwaani ni muuaji. Nasema kwamba tangu darasa la nne tunafundishana, bure na kwa furaha, kusikia kabila ndani ya neno moja, na kwamba ujuzi huo ukishaingia sikioni hauna ratiba. Unafanya kazi kwenye kicheko, kwenye usaili, kwenye nyumba ya kupanga unapopiga simu na kuambiwa imeshachukuliwa, na siku mbaya unafanya kazi barabarani.

Disk ilitufundisha kuchungana. Shule nyingi zimeiacha, lakini sisi tumebaki na ile tabia ya kuikabidhi kwa mwingine. Anayecheka "rorry" anajiondolea kibao shingoni, anampa mwenzake, na anaamini sasa yeye amesafika. Hajasafika. Akifika Heathrow afisa wa pasipoti atamsikia mara moja kwamba ni Mkenya, pamoja na yule aliyemcheka, wote kwa lafudhi moja.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Haisemi Kiingereza cha nani. Naona hapo kuna nafasi ambayo hatujaitumia. Mtahini anaweza kutofautisha kati ya sentensi isiyoeleweka na sentensi ya Kikenya. Mwajiri anaweza kuuliza swali moja tu la haki: alieleweka? Na mwalimu anaweza kuwaeleza wanafunzi, siku yule mtoto mgeni atakaposimama kusoma, kwamba Gikuyu haina l, kwamba Kiingereza chenyewe kiliokota "godown" njiani, na kwamba Krapf hakuweza kulitamka jina la mlima. Itamchukua dakika tano. Mtoto asome mpaka mwisho wa aya, akae chini, na somo liendelee.